Binti Japani na Picha Yake ya Posa

— Bisheni! Anayebisha anyooshe mkono, na mkono huohuo autie mfukoni alipie kahawa ya benchi zima. Mjapani mzima, mwenye kiwanda chake, amenililia kwenye simu. Machozi, si utani! Ananiambia, "Hilmi mwanangu, hiyo modeli sijampa kiumbe tangu mke wangu alipokufa. Lakini wewe, basi, chukua."

Hakubisha mtu. Hadithi ile walikwisha kuisikia tangu majira ya kuchipua, na kila ikisimuliwa Mjapani alizidi kulia; mara ya kwanza alikuwa ameguna tu. Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya makasha ya betri zilizokufa, nje ya mkahawa wa Sukkar, kwenye kichochoro cha Bab al-Luq, Kairo, nyuma ya maduka ya vipuri vya elektroniki. Juni hiyo lami ilikuwa imelegea kama halua, na wanafunzi wa uhandisi walikuwa wakipita na macho mekundu ya wafiwa, wakisaka vipuri vya miradi yao ya mwisho. Benchini alikuwapo Haji Zaghlul, mwenye duka la transista mlango wa tatu, ambaye wote humwita Haji Orijino, maana tangu afungue duka hajauza kitu kisicho orijino, hata gundi. Alikuwapo Ami Farghali, fundi wa redio, jina la kijiweni Volti, aliyepigwa na umeme mara nyingi hata akawa anausengenya kama shemeji. Alikuwapo Bwana Wagih, aitwaye Nadharia, aliyesomea uhandisi miaka saba bila benchi kuafikiana kama alimaliza. Na Hilmi mwenyewe, kijana wa duka la nyaya, wao humwita Giligilani, kwa kuwa hakuna chungu asichojitia. Shule aliiacha mapema. Yeye husema shule ndiyo iliyomwacha, ilishindwa na mwendo wake.

— Hiyo chai ya uongo, Giligilani, — alisema Volti. — Na sisi hapa tunakunywa kahawa.

— Chai? Muulize Inji kama ni chai!

Inji ni binti wa mtaa wa Shubra, yuko mwaka wa mwisho chuoni. Alikuja kichochoroni akitafuta modeli ya Binti Japani. Modeli, kwa asiyejua, ni picha ya posa. Kabla hujaioa transista unaletewa maandishi mafupi yanayosema tabia zake: hubeba mzigo gani, hukasirikia joto gani. Unayatia kwenye kompyuta, unaunda saketi yako humo ndani kwa kuigiza, unatazama kama itaimba au itaungua, na wewe hujaunguza hata ukucha. Viwanda vya siku hizi hutoa wenyewe picha za mabinti zao. Lakini Binti Japani, kama soko zima linavyoiita transista moja ya kale ya amplifaya, alizaliwa kabla kompyuta hazijaanza kuposa. Kiwanda chake kilishafungwa, na picha haikuwahi kupigwa. Profesa wa Inji, mtu wa zamani, alimtaka Binti Japani na hakutaka kusikia jina la mwingine.

Kila mlango wa Bab al-Luq ulimwambia Inji hakuna. Hilmi akamwambia ipo. Baada ya siku chache akamkabidhi modeli kwenye flashi, mbele ya benchi zima, na Inji akasema, "Ahsante sana, mhandisi."

Mhandisi! Neno lile Hilmi alilala nalo, akaamka nalo, akalipeleka kwa kinyozi. Ndipo Mjapani alipoanza kulia.

Basi asubuhi ile machozi yalikuwa yamefika kifuani mwa Mjapani pale Inji mwenyewe alipotokea, amekumbatia kasha la viatu. Akaliweka juu ya meza, katikati ya mchezo wa dhumna. Harufu ikatoka kabla ya kifuniko.

— Amplifaya imeungua, — alisema. — Jana. Kwenye kompyuta inaimba safi, wimbi limenyooka kama limepigwa pasi. Nimeiunda vilevile, waya kwa waya, nikaiwasha, na mama akakimbilia dirisha.

— Pole, binti, — alisema Haji Orijino, akisogeza kikombe chake mbali na kasha kama mtu aliyeona maiti asiyemjua.

— Kesho asubuhi nasimama mbele ya maprofesa. Na wangu ameshanijibu kwa simu. Kasema: kama modeli ni sahihi, na transista ni halisi, basi mwenye kosa ni aliyechora saketi. Yaani mimi. Narudia mwaka.

Benchi likajisogeza. Msiba wa mtu ukitua pale hupokewa kwa heshima zote: kila mmoja huuletea maelezo.

Nadharia alikohoa, kikohozi cha kufungulia mhadhara.

— Joto. Kompyuta, binti, haijui Kairo. Usipoiambia kitu, hudhani dunia nzima iko kwenye nyuzi ishirini na saba. Kivuli, kaupepo, maji ya balasi. Wewe umeiwasha Shubra, Juni, chumba cha juu chini ya bati la njiwa!

— Niliiambia arobaini na tano.

— Uliiambia kwa lugha gani?

— Kwa tarakimu, ustadhi.

— Ndiyo hayo! Modeli ya Kijapani unaisemesha joto kwa tarakimu zetu. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Yaani joto analiweza yule tu aliyezaliwa ndani yake.

— Wahenga walikuwa wanasema samaki, Nadharia, acha kuwasingizia, — alidakia Volti. — Hapa ni umeme. Zamani tulikula umeme wa Bwawa la Aswan. Umeme wa maji! Laini, unateremka kwenye transista kama mlenda kooni. Sasa wameuchanganya na wa gesi, na wa gesi una mikwaruzo. Mimi nimepigwa na wote wawili, nawajua kwa ladha.

— Ladha gani, Ami? — aliuliza Sukkar, akipita na sinia.

— Wa maji hukupiga halafu hukuomba radhi. Wa gesi hukupiga akaenda zake. Tena Inji, mwanangu, uliifunika hiyo amplifaya?

— Niliitia kwenye kasha lake.

— Kosa! Mficha uchi hazai. Amplifaya iachwe wazi.

Haji Orijino akazungusha tasbihi yake mara moja, kwa huruma.

— Hamna imani nyinyi. Ni kijicho hiki. Binti, lile wimbi la kwenye kompyuta, ulimwonyesha mtu?

— Niliweka kwenye kundi la darasa.

— Salaale! Wimbi zuri kama nyusi zilizotindwa, unalianika kwa watu wenye mitihani! Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwako ndiyo hiyo transista. Maskini, nilikuuzia ingali bikira. Orijino, wallahi, imetoka kwenye pakiti ya Japani mbele ya macho yangu.

Sasa zamu ikamfikia Hilmi, na wote wakamtazama, kwa kuwa zamu ya Giligilani ndiyo ya utamu. Inji naye akamtazama.

— Mhandisi, wewe wasemaje? Modeli ni yako.

Kama angemwita jina lolote jingine, huenda Hilmi angenyamaza. Lakini alishaitwa.

— Kapasita uliyomweka jirani naye ni ya wapi?

— Ya China.

— Kwisha habari! — Alijipiga paja. — Binti Japani kwa Mchina? Unajua vita vilivyopita pale? Usiku na mchana wanatazamana, waya mmoja! Kwenye kompyuta hawaonani, wanaimba. Ukiwaleta uso kwa uso, moto. Na si hilo tu. Mjapani wangu alininong'oneza: ndani ya modeli wameficha mstari. Mstari huo ukigundua kompyuta iko nchi za Waarabu, unajifanya kucheka na kuimba, mpaka siku ya kuwashwa. Hawataki tuwe na amplifaya. Wanajua tukisikilizana tutaelewana.

— Hapo umenena, — alisema Volti, ambaye huamini chochote chenye hasira.

— Ngoja, — alisema Inji taratibu. — Lakini modeli yenyewe ni sahihi? Ni ya Binti Japani kweli?

— Sahihi? Inji! Mzee wa watu alilia.

— Na transista, Haji?

— Orijino, binti. Orijino.

— Basi kosa ni langu, — alisema Inji.

Hakulisema kwa ugomvi. Alilisema kama mtu anayesoma namba ya basi lililokwishampita. Alifunga kifuniko cha kasha, na Hilmi akaona ncha ya kidole gumba chake, ilivyobabuka kwa risasi ya kuchomelea, malengelenge juu ya malengelenge ya zamani. Mkono kama ule haukwepi kazi. Hilmi akatafuta pa kuyapeleka macho yake, akayatia kwenye kikombe. Kikombe kilikuwa kitupu.

Inji alikuwa ameshainuka. Kisha akakaa tena, akatoa mkobani kipande cha pamba na transista moja iliyoungua.

— Kuna jambo dogo, huenda halina maana. Mama alikuwa anafuta rangi ya kucha, tone la dawa likaidondokea hii. Nikaipangusa.

Akawanyooshea pamba. Juu yake palikuwa na weusi, na ndani ya weusi, zimegeuka kinyume kama kwenye muhuri, herufi na tarakimu za Binti Japani. Transista yenyewe ilibaki uso mtupu wenye michubuko ya msasa.

Hakuna aliyegusa pamba. Nadharia aliinama akaitazama kwa mbali, kama inayoambukiza.

— Kwa hiyo nina swali moja tu, halafu niwaache mcheze, — alisema Inji. — Katika nyinyi nyote, kuna aliyewahi kumwona Binti Japani mwenyewe? Si aliyeandikwa jina. Mwenyewe.

— Mimi, — alianza Volti, — kulikuwa na jamaa mmoja kule Imbaba, binamu yake alikuwa...

Akaishia kwa binamu.

— Kinadharia, — alisema Nadharia. Naye akaishia hapo.

Haji Orijino alikuwa akizitazama dhumna kwa makini, na zamu haikuwa yake.

Sukkar akatokea mlangoni na birika limeinamishwa, halidondoshi kitu.

— Mabwana, kahawa imekwisha. Kuna maji.

Ajabu ya benchi lile ni kwamba kukiwa na kahawa uongo huteremka wenyewe. Kahawa ikiisha, hukwama. Hilmi aliuhisi wake pale kooni, una miguu mitatu kama transista.

— Inji, — alisema. — Saketi yako haina kosa.

— Umejuaje?

— Kuna kipande nilikiacha kwenye ile hadithi. Modeli ile si ya Binti Japani. Ni ya Dubu.

Dubu ni transista kubwa, nyeusi, isiyo na umbo wala sifa, inayobeba mzigo wowote utakaoitwisha. Picha yake ya posa imejaa kila mahali mtandaoni.

— Nilifungua faili, nikafuta jina la Dubu mstari wa juu, nikaandika jina la Binti Japani. Basi. Mengine yote nimeyaacha kama yalivyo.

— Ulimbatiza! — alisema Volti.

— Nilimbatiza.

— Kwa kalamu, — alisema Nadharia, akimgeukia Haji Orijino polepole, — badala ya msasa.

— Msasa umeingiaje hapa? — alifoka Haji.

Lakini Inji hakuwa nao tena. Midomo yake ilikuwa ikicheza, anahesabu kitu.

— Subiri. Subiri. Kwa hiyo siku zote hizi, kwenye kompyuta, aliyekuwa anaimba ni Dubu?

— Ni Dubu.

— Kwa hiyo nikiing'oa hii takataka, nikamtia Dubu kweli...

— Itaimba vilevile. Miguu yao ni mitatu ileile, imekaa vilevile. Ulishamjaribu miezi mitatu, wewe hujui tu kwamba ulikuwa unamjaribu yeye. Kesho profesa akifoka, mwambie Binti Japani hayupo sokoni, mwonyeshe pamba.

Hilmi akajiandaa kwa kofi au kwa ahsante, hakupata lolote.

— Haji, una Dubu? — aliuliza Inji.

— Ninao tele, binti. Orij...

Pamba ilikuwa bado mezani. Haji Orijino aliiangalia, neno likamkatikia njiani. Alivua funguo shingoni.

— Usichukue za dirishani. Nenda ndani, droo ya chini kabisa, nyuma ya plagi.

— Za dirishani zina nini, Haji? — aliuliza Volti, kwa sauti ya malaika.

— Zina vumbi!

Inji akachukua funguo na kasha lake. Alipofika mlango wa tatu aligeuka.

— Ahsante, Giligilani, — alisema, akaingia.

Benchi likacheka kwa namna ambayo njiwa wa juu ya paa waliruka. Mhandisi alikuwa amezikwa, hakuna hata matanga. Volti alifuta macho kwa kola yake, kisha akatulia ghafla, kama mtu aliyekumbuka deni la mwingine.

— Hebu, Giligilani. Kama modeli ni ya Dubu, yule Mjapani?

— Hakuna Mjapani.

— Hata wa kuguna?

— Hata wa kuguna.

— Na machozi? Miezi mitatu umetulisha machozi, nimemhadithia mke wangu, akamwombea dua mzee wa watu! Hayo machozi yalitoka wapi?

Hilmi aliinamisha kikombe, akaangalia machicha yalivyoganda chini. Duka la nyaya lilikuwa likimwita, hakuitika.

— Nilimwahidi mbele yenu wote kwamba ipo, — alisema. — Nikaitafuta kweli, Ami. Kila mahali. Kwa Warusi, kwa Wachina, kurasa sijui zimeandikwa nini. Nilipochoka ndipo nikafuta jina la Dubu. Na kabla sijalifuta...

Akakisukuma kikombe.

— Aliyelia ni mimi.