Optatus Nathanael na Mbolea Ambayo Haijaiva

Marehemu Optatus Nathanael alizaliwa Usevya, Mpimbwe, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne wa Mzee Nathanael na Mama Verdiana, wakulima wa mpunga. Alisoma shule ya msingi hapohapo Usevya, na mwaka 1984 akahitimu chuo cha mifugo.

Alikuwa bwana mifugo hapa Mpanda hadi alipostaafu mwaka 2021. Mwaka 1989 alifunga ndoa na Mwalimu Specioza. Nyumbani Makanyagio alifuga kuku wa mayai, na kama wafugaji wengi, aliwatilia antibayotiki kwenye maji hata wakiwa wazima, "wasije wakaugua." Samadi yao mbichi aliwauzia kina mama wa bustani za mchicha, Shanwe.

Mwaka 2019, kwenye semina, alisikia kwamba dawa ile hutoka na kinyesi, na vijidudu vya humo huizoea hadi isiviue tena. Siku hiyo hakula. Yeye ndiye aliyekuwa akifundisha wengine. Asubuhi yake alikwenda bustanini Shanwe kuwaeleza wale kina mama.

"Kwa hiyo, Bwana Mifugo," Lucia, mmoja wao, alimwuliza, "miaka yote umetuuzia mavi yenye dawa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi si ungetuandikia na dozi!"

Wenzake walicheka. Optatus aliinamisha kichwa.

Tangu hapo hakumpa dawa kuku mzima. Alichoma pumba za mpunga kwa moto wa kufunikwa hadi zikawa makaa, akayachanganya na samadi, akaligeuza lundo mpaka likaiva kwa joto lake. Makaa hushika mabaki ya dawa, joto huua vijidudu. "Inapunguza, haimalizi," alisema. Mtaani wakamwita Mzee Masizi. Mkewe alipomhimiza anawe vizuri kabla ya Misa, alijibu, "Mama Antoni, aibu yangu si hii ya kwenye kucha."

Januari mwaka huu alijikata mguu kwa koleo akisafisha banda. Kidonda kilikataa dawa. Vipimo vilionyesha vijidudu sugu. Mtaani yamesemwa mengi. Hakurogwa, wala hakuwa na ugonjwa wa kufichwa. Hakuna daktari aliyesema usugu ule ulitoka bandani kwake. Lakini Optatus mwenyewe hakuacha kujiuliza, na aliagiza hili lisomwe mbele yenu. Alifariki tarehe 9 Juni 2025.

Ameacha mjane, watoto watatu, Antoni, Tereza na Laurence, na wajukuu watano. Nyuma ya nyumba limebaki lundo moja. Antoni ataendelea kuligeuza. Familia inaomba asilichukue mtu kabla halijaiva. Optatus hakutaka jina lake litoke tena na samadi mbichi.

Bwana amlaze pema, apate amani aliyoitafuta.