Mzee Masizi Anatuachia Karakana

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kazi, fundi mkuu wa karakana yetu ya malori anastaafu rasmi tarehe 30 ya mwezi huu. Kwenye faili lake ana majina matatu kamili, lakini hakuna dereva wala mlinzi anayeyatumia. Yeye ni Mzee Masizi, na ameitwa hivyo tangu akiwa na miaka ishirini na tisa, wakati hakuwa mzee wa chochote. Jina hilo alilipata kwa mtunza stoo, aliyechoka kupokea fomu zenye alama ya dole gumba jeusi pale panapotakiwa sahihi.

Alianzia kwenye matairi. Wiki ya pili akiwa huko, lori moja lililetwa linamisi vibaya, yaani injini inakatakata, na mafundi watatu walikuwa wameshaifungua pampu ya mafuta na kuifunga tena bila kupata kitu. Yeye, akiwa kwenye kona yake na tairi mapajani, akasema kwamba kosa liko kwenye silinda ya nne. Aliambiwa ashughulike na pancha zake. Siku mbili baadaye nozeli ya nne, ile inayopulizia mafuta kwenye silinda, ilitolewa ikiwa imeziba kwa masizi, na Jumatatu yake alihamishiwa kwenye injini. Matairi hajayagusa tena, na tuseme ukweli, hata matairi yalishukuru.

Utaratibu wake tunaufahamu sote, maana umetukera sote. Kwanza, lori lenye tatizo halikuruhusiwa kuwashwa asubuhi kabla hajafika. Alitaka alisikie likiamka likiwa baridi, na alikuwa akiweka kiganja kwenye rejeta kuhakikisha kwamba hakuna aliyemtangulia. Likishawaka, alisimama nyuma na kuutazama moshi. Mweusi ulimwambia kwamba mafuta yamezidi au hewa imepungua. Wa bluu, kwamba oili inaungua. Mweupe usiokatika, kwamba mafuta yanapita bila kuungua au maji yamepata njia. Kisha alifuta mdomo wa bomba la moshi kwa kitambaa cheupe, akayasugua masizi kati ya vidole kujua kama ni makavu au yana mafuta. Vitambaa hivyo alivipata kwa mkewe, shemeji yetu, ambaye ni fundi cherehani na anajua kwamba mume wake hana adabu na nguo nyeupe.

Baada ya hapo ndipo alipomtafuta mvivu. Silinda sita za injini aliziita ndugu wa tumbo moja. Injini ikiwa inanguruma, alilegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine. Akilegeza na mlio ukabadilika, ndugu huyo alikuwa anafanya kazi. Akilegeza na injini isijali, alikuwa amempata anayekula bila kulima. Wakati huo huo dereva aliulizwa maswali matatu: tatizo lilianza lini, linatokea mlimani au tambarare, na nani alikuwa wa mwisho kuigusa injini. Dereva aliyejibu swali la tatu kwa mabega alirudishwa nje akafikirie.

Nilipoombwa kuandika wasifu huu wa jarida letu la kazini, nilimwendea kumuuliza angependa niweke mambo gani. Alinipa sharti moja tu, kwamba kosa lake kubwa liwemo, la sivyo hatakuja kwenye sherehe ya kumuaga. Nilijaribu kumbembeleza. Aliniambia, "Usiniandike kama marehemu bwana, mimi bado nipo." Basi ninaliandika, na wala sikulisikia kwa watu, kwa sababu dereva wa kisa hicho ni mimi.

Ilikuwa miaka kumi na saba iliyopita, nami nilikuwa na miezi saba tu kazini. Lori langu lilitoka karakana baada ya matengenezo ya kawaida, na safari ya kwanza tu likaanza ujeuri. Uwanjani lilinguruma vizuri kabisa. Nikipanda mlima na shehena, lilikosa nguvu, lilitetemeka kama lina homa, na nyuma likatoa moshi mweusi hadi magari yaliyonifuata yakawasha taa mchana. Mafuta nayo yalikuwa yanakwisha haraka kuliko kawaida. Niliporipoti, lori lilijaribiwa uwanjani bila mzigo na halikuonyesha dosari. Nozeli zikabadilishwa zote sita, na mlimani mambo yakawa yale yale.

Meneja wa usafirishaji wa wakati huo akafikia hitimisho lake. Gari likiwa zima uwanjani na mafuta yanapungua njiani, basi dereva anayanyonya na kuyauza. Sikuwa na cha kujitetea nacho. Barua yangu ya kufukuzwa ilichapwa siku ya Jumatano ikisubiri sahihi ya Ijumaa, na katibu muhtasi, kwa huruma yake, alininong'oneza nianze kutafuta pa kwenda. Nilikuwa namlea mama yangu na wadogo zangu wawili. Sikuwaambia kitu, nikawa naondoka nyumbani asubuhi nimevaa sare kama kawaida.

Wiki hiyo hiyo, Mzee Masizi alikuwa anasubiri jambo lake. Fundi mkuu wa zamani alikuwa amestaafu, na kila mtu alijua kwamba nafasi ni yake. Kilichobaki kilikuwa tangazo kubandikwa ubaoni. Alhamisi mchana, kama alivyonisimulia mwenyewe baadaye, wenzake walipokwenda kula, alibaki na lori langu kwa sababu lilikuwa limemnyima raha. Alijiuliza maswali yake matatu mwenyewe. Lilianza lini? Baada ya matengenezo. Linatokea wapi? Mlimani, injini inapodai hewa nyingi. Nani alikuwa wa mwisho kuigusa? Akafungua kitabu cha kazi, akakuta sahihi yake.

Alifungua mpira mnene unaopeleka hewa kwenye injini kutoka kwenye turbo, kile kifaa kinachoisukuma hewa. Kwenye kona yake, ndani, kulikuwa na kitambaa cheupe kilichokwisha kuwa cheusi. Siku ya matengenezo alikitia pale yeye mwenyewe kuzuia vumbi lisiingie wakati mpira umefunguliwa, kisha akafunga bila kukitoa. Injini ikiwa haina mzigo, hewa kidogo iliyopenya ilitosha. Mlimani kitambaa kilisukumwa na kuziba njia, mafuta yakakosa hewa ya kuungua nayo, yakageuka masizi. Pindoni kilikuwa na mshono wa uzi wa bluu, ule wa shemeji. Hakikuweza kuwa cha mtu mwingine.

Alikuwa peke yake. Angeweza kukitia mfukoni, afunge mpira, lori lipone, na aseme kwamba nozeli mpya zilihitaji kuzoea. Hakuna ambaye angembishia. Badala yake alikibeba hadi ofisini, akakiweka juu ya meza ya meneja, juu ya makaratasi safi, na kusema maneno ambayo katibu muhtasi anayarudia mpaka leo: "Huyu kijana hajaiba hata lita moja. Mwizi wa hewa ni mimi." Kisha akakaa kwenye benchi nje ya ofisi, na hakuondoka mpaka barua yangu ilipochanwa mbele ya macho yake.

Tangazo la fundi mkuu lilitoka wiki iliyofuata likiwa na jina la mtu mwingine. Mzee Masizi alisubiri miaka minne zaidi, akifanya kazi chini ya mtu aliyemfundisha mwenyewe kufunga nozeli, na hatukumsikia akilalamika. Alichokifanya ni kupigilia misumari kumi na miwili kwenye ubao ukutani, na kuandika namba kwenye vitambaa kumi na viwili. Msumari mmoja ukiwa mtupu, hakuna lori linalowashwa. Siku moja tulisimama dakika arobaini, malori tisa yamezimwa, mpaka kitambaa namba saba kilipopatikana shingoni mwa mkaguzi aliyekuja kutuambia tuongeze kasi.

Alipoupata ukuu hakulala. Aligundua kwamba nusu ya masizi tuliyokuwa tukiyakwangua yalitokana na foleni ya kupakia, ambako madereva tuliziacha injini zikinguruma masaa mawili matatu bila kwenda popote. Alisimama getini wiki nzima na saa mkononi, akatuzima mmoja mmoja, wengine kwa maneno yasiyofaa kwa jarida hili. Miezi sita baadaye, malori yaliyokuwa yakirudi karakana kwa kumisi yalipungua kutoka kumi na mawili kwa mwezi hadi manne. Sheria yake nyingine, kwamba dereva asituhumiwe kwa mafuta kabla injini haijafunguliwa akiwepo mwenyewe, ipo kwenye kanuni zetu na inafuatwa.

Nje ya kazi hana mapumziko pia. Kwenye harusi ya mpwa wake alilisimamisha gari la maharusi njiani kwa sababu halikumpendeza masikioni, akafungua boneti akiwa na suti. Gari lilipona. Picha zote za bwana harusi zina alama tano nyeusi begani, na dada yake alimsamehe mwaka jana tu.

Sasa, Fundi, acha nikuongeleshe wewe moja kwa moja. Niliendesha lile lori miaka tisa mingine. Wadogo zangu walimaliza shule, na mama aliishi na kufariki bila kujua kwamba nilibakiza siku moja tu kuwa mwizi. Leo mimi ndiye ninayepanga safari za malori yote uliyoyatibu. Miaka yote hii nimekushukuru kwa kukusogezea kiti na kukutania, kwa sababu nikikutazama usoni na kuanza kusema, naishia kukuuliza habari za lori.

Wafanyakazi wote wanakushukuru, na wanawaombea wewe na shemeji afya, asubuhi za kuchelewa kuamka, na miaka mingi ya kukaa bila kusikiliza injini ya mtu. Mimi nakushukuru kwa mchana ule wa Alhamisi. Kitambaa kilikuwa mkononi mwako, wenzako walikuwa wanakula, na mfuko wa ovaroli yako ulikuwa wazi.