Mizinga Ambayo Baba Hakunionyesha

Ndugu zangu wa chama chetu cha kuzikana, wakubwa kwa wadogo, mliozoea kuniona nimekaa nyuma kabisa karibu na mlango: leo nimesimama. Mwenyekiti amenionya nisitaje majina ya watu. Nimemsikia. Nitayataja, maana waliotenda hawakuona haya kutenda.

Mimi ni Mihayo, mtoto wa Maganga. Nakaa hapa Cheyo, ila kwetu ni upande wa Sikonge. Shule nilisoma miaka miwili tu. Nikikosea mnisamehe, lakini msinirekebishe.

Baba yangu alikuwa mrina asali. Mizinga yake ya magogo aliitundika porini, mingine kandokando ya njia ya zamani ya wapagazi, mingine ndani kabisa, mwendo wa siku nzima. Kila mzinga aliukata alama kwa nje, duara na mistari mitatu, watu wajue una mwenyewe. Lakini miti yenyewe hakutuonyesha sisi wanawe wa kiume. Alimshuku kila mtu, jirani, wakwe, hata mimi. Nikimwomba tuongozane anasema, "Unataka kujua ili iweje? Bado sijafa." Basi nikaenda zangu Tanga kukata mkonge, nikawa manamba miaka mingi. Baba akafa mimi niko huko.

Niliporudi nilimkuta Luhende, baba yangu mdogo, amejishikia kila kitu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri sana. Vizuri kupita kiasi. Nikamuuliza habari ya mizinga.

"Mizinga gani?" akasema. "Iliyoko porini ina alama yangu. Kama unaujua hata mmoja wa baba yako, nishike mkono unipeleke."

Nilikwenda kwenye ile ya njiani, ambayo kila mpita njia anaiona. Pale palipokuwa na duara la baba pamechongwa kwa tezo, mti bado mweupe, na alama ya Luhende imekatwa juu yake. Nikarudi kwa wazee kulalamika. Wakaniuliza, una ushahidi gani kuwa ilikuwa ya Maganga? Nikaenda zangu nyumbani. Nina mke na watoto wanne, na asali na nta ya porini ndiyo iliyokuwa ituvishe na kutulisha, nami sijui nianzie mti gani.

Sasa nawaambia nilivyoanguka, na hapa sitajificha. Nilihamia kilabuni. Nikirudi nalala na shoka kichwani. Mke wangu, Kalunde, akinipakulia ugali namwambia aonje kwanza yeye. Alikuwa anaonja, ananitazama, anasema, "Ningetaka ufe ningekuacha tu uendelee na hiyo pombe." Mnacheka. Mimi wakati ule sikucheka.

Baya zaidi nililotenda ni hili. Dada yangu Nyamizi, ambaye ameolewa kijiji cha pili, alikuja kwangu kwa miguu. Akasema, "Kaka, nina neno kutoka kwa baba." Niliwaza, huyu ametumwa na Luhende kuja kunichunguza. Mtoto wa kike hana fungu kwenye mizinga, kwa nini ahangaike? Nikamfukuza. Akaja tena mwezi uliofuata, nikamrushia kigoda. Hakikumpata, na sifa hiyo si yangu, ni ya pombe.

Kalunde ndiye aliyenisukuma tupeleke shauri barazani kwa mwanangwa, yule mkuu wa kijiji aliyekaa kwa niaba ya mtemi. Siku ile watu walijaa. Luhende akasema kama alivyoniambia mimi, tena kwa kutabasamu: mtoto wa Maganga aonyeshe mzinga mmoja wa ndani ya pori, mmoja tu, aichukue yote. Mwanangwa akanigeukia.

Ndipo sauti ikatoka upande wa wanawake. "Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, Nyamizi. Keti chini."

"Nitaketi. Mimi naijua."

"Wewe mwanamke, porini ulikuwa ukitafuta nini?"

"Nilikuwa namchukulia baba maji, tangu sijavunja ungo mpaka siku naolewa. Wewe ulikuwa huonekani. Ulikuwa kilabuni, kwenye kiti hichohicho anachokalia kaka yangu sasa."

Watu walipasuka kwa kicheko, na mimi nilitamani kuingia chini ya mkeka. Nyamizi hakucheka. Akamwambia mwanangwa kwamba baba alimshuku mdogo wake siku zote, kwa hiyo alikata alama mara mbili, ya nje na ya ndani, upande wa chini wa ile nusu ya juu ya gogo lililopasuliwa mawili, mahali ambapo hapaonekani mpaka mzinga ufunguliwe. Baba akamwagiza yeye anieleze nikirudi. "Nimekwenda mara mbili," akasema. Hakutaja kigoda.

Tulitembea siku mbili, kwenda na kurudi, yeye mbele, wazee nyuma, Luhende wa mwisho akilalamika mguu. Nyamizi hakukosea mti. Mzinga wa kwanza ulishushwa kwa kamba na bwana mmoja aitwaye Kapela, ukafunguliwa. Mwanangwa akaingiza kidole, akafuata duara, akahesabu mistari: mmoja, wa pili, wa tatu.

Luhende akasema, "Hapo nyuki wametafuna."

Mwanangwa akamtazama. "Nyuki wa nchi gani hao, wanaojua kuchora duara?"

Mizinga ilirudi. Nilimpigia dada yangu magoti palepale kwenye majani. Aliniambia niinuke, siafu watanipanda.

Ndugu zangu, sikungoja nizeeke. Msimu uleule niliwachukua watoto wangu wote wanne, wa kiume na wa kike, pamoja na Kapela, ambaye si wa ukoo wetu na hana cha kupata. Nikawaonyesha mti kwa mti, huu wa fulani, huu wa fulani. Mingine nikasema ni ya Nyamizi. Wanangu wa kiume walinuna, na nilitaka wanune nikiwa hai, niwajibu kwa mdomo wangu.

Kisha nikaenda sokoni kwa mwandishi wa barua, Feruzi, aandike. Nikaweka dole gumba. Lakini sikumwamini, nikaipeleka karatasi kwa mwalimu anisomee. Jina la dada yangu halimo! Feruzi alisema alisahau. Labda. Mwanangu wa kwanza alikuwa amepita pale asubuhi ile. Nampenda sana mwanangu. Karatasi iliandikwa upya, mbili, mwalimu akazisoma mbele ya watu. Moja iko kwa mwanangwa, moja kwa Nyamizi. Nyumbani kwangu haipo, msisumbuke kuitafuta.

Namshukuru Nyamizi, aliyenirudia baada ya kufukuzwa. Namshukuru Kalunde kwa kila tonge aliloonja. Namshukuru mwanangwa, na Kapela na kamba yake. Luhende simshukuru, na sijamsamehe vizuri, bado najaribu.

Yeye sasa macho yamekufa. Mwezi uliopita watoto wake walikuja kwangu, wakaniamkia kwa heshima, wakaniuliza kama najua miti ya baba yao iko wapi. Nikawaambia sijui, na ni kweli sijui. Nikawauliza, mmemuuliza mwenyewe? Wakasema wamemuuliza. Akawajibu, "Mnataka kujua ili iweje?"

Ninyi mliokaa hapa, mna nyumba, mna mashamba, mna ng'ombe mliowaacha kwa watu. Msiniambie mnawaamini ndugu zenu. Mimi siwaamini hata nusu yenu. Nendeni tu mkawaonyeshe watoto, mbele ya shahidi, wiki hii, na wa kike wawepo.