Daktari Kornelio Ryoba, Mshonaji wa Nyuso

Shikamooni wazee wetu, na poleni nyote mliofika hapa Matongo. Mimi ni Rubeni, mdogo wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma maisha yake, ingawa mwenyewe alikataza yasisomwe, lakini kwa kuwa hakutusikiliza hata siku moja, leo na sisi hatukumsikiliza.

Kaka yetu, Daktari Kornelio Ryoba, alizaliwa hapa tarehe 4 Mei 1930, mtoto wa kwanza wa mzee Ryoba na mama Bhoke. Alisoma shule ya misheni, akahitimu udaktari Makerere mwaka 1958, kisha akaenda Uingereza kujifunza upasuaji wa uso, akarudi Machi 1967, wakati nchi nzima inazungumzia majembe na visima, akawa anaulizwa mikutanoni taifa la wakulima lina haja gani na daktari wa sura. Alijibu kwamba mkulima naye hucheka kwa uso, akaenda kufanya kazi Musoma.

Tarehe 17 Agosti 1968 alimwoa mwalimu Efrazia, wakajaliwa Joram, Bernadetha na Stanslaus. Hata kanisani alituchosha, kwani badala ya kumsikiliza padri alimkagua bibi harusi mashavu, akanong'ona mpaka viti vya nyuma vikasikia kwamba hakuna uso wenye pande mbili zilizo sawa, na kwamba zinapotofautiana ndipo mtu anapopendeka.

Februari 1974 mzee Mogesi wa Machochwe alimletea binti yake Ghati, aliyeungua motoni utotoni, mdomo wa chini ukavutwa na kovu hadi kidevuni, asiweze kuufunga. Mzee alishika picha ya msichana wa kalenda, akataka binti afanane naye ili apate kuolewa.

"Huyu wa kalenda simjui," kaka alimwambia, akamgeukia binti. "Wewe unataka nini?"

"Nataka kupiga vigelegele," Ghati akajibu.

Kwa kaka hiyo ndiyo ilikuwa maana ya uzuri, uso umtii mwenyewe, macho yafumbe, midomo ikutane, na kovu lisilozuia kitu alikataa kuligusa hata aombwe na mkubwa gani. Alimpasua Ghati mara tatu, na wakati wa mara ya mwisho, Juni mwaka huo, baba yetu alifariki, tukampelekea habari, akasema ngozi aliyopandikiza ikiachwa sasa itaoza, nasi tukamzika baba bila mtoto wake wa kwanza. Ukoo ulimnunia mwaka mzima, mpaka tulipoalikwa harusi ya kaka yake Ghati, binti akapiga vigelegele hadi mbuzi wakakimbia, nasi tukamsamehe.

Januari 1979 alivimba taya, akadai ni jino. Tulimsihi, mkewe alilia, wenzake walimfuata nyumbani, naye akawaambia wagonjwa wanangoja. Alipokubali kupimwa ilikuwa saratani, imeshakula nusu ya uso. Alifariki tarehe 9 Juni 1979.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana alikuwa mgonjwa msumbufu, majirani wa kijiji cha Kerende kwa kuni na maji, na wafanyakazi wenzake waliosafiri kutoka Musoma. Wazee walitaka jeneza lifungwe kwa sababu ya hali ya uso wake, lakini shemeji Efrazia amekataa, kwa hiyo piteni, mtazameni, asiinamishe mtu macho.

Pumzika kwa amani, kaka, na huko uendako, tafadhali, waache malaika na sura zao.