Yaw Asubonteng, Fundi Aliyekataa Gari Linalolia

Lori lililomleta Yaw Asubonteng Kumasi, Septemba 1972, lilipiga yowe njia nzima kutoka Mampong. Aliposhuka Suame, mtaa wa mafundi asioujua, alimwuliza dereva sababu. "Injini mpya hiyo, mwanangu," akajibiwa kwa majivuno. Yaw aliulizia karakana baada ya karakana mpaka fundi mmoja akamwambia kweli: injini iliyowekwa ilikuwa ya dizeli, difu, zile gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha magurudumu, ikaachwa ileile ya petroli. Kinyaa alichokiona siku hiyo hakikumtoka maisha yake yote.

Alizaliwa Alhamisi, tarehe 12 Mei 1955, Mampong, mtoto wa tatu wa Mzee Kofi Asubonteng na Mama Ama Birago. Alisoma hapo hapo hadi 1972. Walimu walimkumbuka kwa hesabu na kwa kununa.

Alibaki Suame akajifunza ufundi, na kazi yake ikawa difu. Gari likibadilishwa injini, aliliinua kwa jeki, akachora alama ya chaki kwenye shafti, ule mtaimbo unaotoka kwenye injini hadi difu, akazungusha magurudumu ya nyuma yote mawili mzunguko mmoja, akahesabu shafti imezunguka mara ngapi. Injini ya petroli, inayopenda mbio, iliridhika na mara nne na nusu. Dizeli nzito ilitaka chini ya nne. Ukiizidishia, inalia barabara nzima na haifiki popote. Waliofunga injini bila kuhesabu aliwaita wachafu, na hakula nao sahani moja. Mmoja alimwambia, "Mjomba, si gari linatembea?" Akamjibu, "Hata funza anatembea."

Mwaka 1982 alimwoa Afua Serwaa, aliyewauzia mafundi wali wa kunde. Siku ya kwanza kumsemesha alimpa chaki, akamwambia ahesabu mizunguko ya shafti. Alipatia. Mama Serwaa husema hakuna mwanamke Kumasi aliyeposwa vibaya kuliko yeye.

Kiharusi kilimpata Novemba 2023. Alifariki tarehe 19 Machi 2024, akiwa amemwachia mkewe agizo moja: "Msinibebe kwa gari linalolia."

Alhamisi hii ukoo ulikodi gari la maiti lenye taa za rangi na tarumbeta. Liliingia uwanja wa mochwari likilia. Mama Serwaa, katika nguo zake nyeusi za ujane, aliagiza jeki, akapiga magoti na chaki yake. Dizeli. Mara nne na nusu.

"Jeneza haliingii humu."

"Mama, marehemu hana haraka," dereva akasema, na watu wakacheka.

"Haraka hana. Aibu anayo."

Mkuu wa ukoo, Mzee Banahene, akamsihi: "Serwaa, watu wanatungoja Mampong."

"Wangoje, Mzee. Mimi nimemngoja miaka arobaini amalize kuhesabu."

Mafundi wa Suame walileta difu ya dizeli kutoka karakana ya marehemu, wakaifunga palepale, waombolezaji wote wakitazama, hadi alasiri. Ndilo gari lililomleta hapa Mampong, na ndilo lililosimama nje sasa.

Ameacha mjane, watoto watatu, Kusi, Boatemaa na Pokuaa, wajukuu saba, na dada yake Yaa.

Kwa desturi yetu mjane hafiki kaburini. Gari litakapoondoka, Mama Serwaa atabaki mlangoni akisikiliza likipanda kilima. Tunawaomba nyote mnyamaze, apate kusikia kwamba halilii.

Lala kwa utulivu, fundi.