Mjomba Aliyepiga Picha Magomvi ya Watu

Ndugu wafiwa, majirani wema, na nyinyi wapiga picha mliokuja na mikoba begani utadhani mmeitwa kazini, poleni sana kwa msiba, naomba mnitegee masikio, maana kazi hii ya kusoma maisha ya mjomba nimepewa mimi kwa kuwa katika ukoo mzima hakuna mwenye sauti inayofika mpaka kule nyuma kama yangu, wenye vyeti vyao wapo, wamekaa, nao wanasikiliza.

Mjomba alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, ile ya mwisho iliyopakana na karakana, akiwa kitinda mimba wa baba aliyekuwa fundi mitambo na mama aliyekuwa akifua nguo za watu, na mama yangu mzazi, dada yake aliyemtangulia, anasema alizaliwa kimya, mkunga akamchapa matakoni ndipo akakumbuka kulia, na tangu siku hiyo hakuwa mtu wa maneno. Mtaa mzima ulimwita Ngoja, kwa sababu akiitwa kula, akiitwa kuoga, akiitwa kwenda dukani, jibu lilikuwa hilo hilo, ngoja, huku macho yamemganda kwenye kitu ambacho wenzake wala hawakioni, mara nyingi paka wawili waliovimbiana juu ya ukuta.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1961, akaiacha mwezi Mei 1968 pale alipotoka darasani kwenda kutazama mbwa wa mlinzi na jogoo wa mwalimu mkuu wakitishiana, hakurudi tena, na katika hilo mimi ndiye mrithi wake halali, ingawa mimi niliacha mapema zaidi na bila jogoo yeyote.

Tarehe 1 Julai 1969 aliajiriwa katika studio ya picha nyuma ya stendi ya mabasi, kazi yake kuosha sinia za dawa na kusafisha picha katika chumba cha giza, na baada ya miaka miwili akaruhusiwa kushika kamera, hapo ndipo tajiri wake alipoanza kupata presha, maana ikija familia kutaka picha ya ukumbusho, mjomba alimsogeza mnene ubavuni kwa mwembamba, mwenye suti akamweka na mwenye kandambili, babu asiye na jino akampakatisha kichanga asiye na jino, wateja wakirudi kuchukua picha zao wanaziangalia, wanacheka, halafu wananuna. Aliambiwa aache, akaitikia, kesho yake akarudia, sio kwa ukaidi, ndivyo jicho lake lilivyokuwa, vitu viwili vikifanana hakuviona kabisa, vikipingana viling'aa mbele yake kama vimewashiwa taa.

Mwaka 1974 alichukuliwa na gazeti, akahudumu huko hadi alipostaafu mwaka 2013, na nyinyi mliofanya naye kazi mnajua kwamba ripota alikwenda kutafuta habari, yeye alikwenda kutafuta ugomvi. Alipiga picha ya ndege mdogo wa kuenea kiganjani akimfukuza tai angani, alipiga bonde lililoungua nusu yake likawa majivu na nusu yake likabaki kijani kibichi, mpaka wa moto umenyooka kama umechorwa kwa rula, alipiga mvua ikinyesha upande mmoja wa barabara na vumbi likitimka upande wa pili, alipiga mpangaji anatoa godoro nje kwa amri ya mahakama huku mwenye nyumba akimshikia mlango kwa adabu zote, na ile ya wazee wawili waliogombea mpaka wa shamba, wamepeana migongo kwenye benchi la mahakama, wanakula karanga kutoka kwenye karatasi moja. Kupata picha za namna hiyo lazima uwe pembeni, na mjomba alikaa pembeni maisha yake yote. Porini alijifungia peke yake ndani ya kibanda cha nyasi kando ya bwawa, ana maji, ana biskuti, redio hana, anasubiri nyati wagombanie njia ya kunywea, na alipotoka huko sauti ilikuwa imeota kutu, akimsalimia kondakta inatoka hewa tupu.

Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, mama tuliye naye hapa, ambaye kwa kimo anamfika kifuani na kwa maneno anamshinda mara kumi, sasa mnajua alichompendea, na wakajaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1985 wakati baba yake yuko kwenye kibanda cha nyasi. Alirudi akiwa na picha ya nyati wawili waliofungana pembe, akamwonyesha mkewe kitandani, mkewe akamwonyesha mtoto, na shangazi na wajomba wote wanakubaliana kwamba kila mmoja alimtazama mwenzake akingoja asifiwe. Waliachana kwa heshima mwaka 1993, hapakuvunjwa hata sahani moja, mama akaondoka na mtoto na cherehani, mjomba akahamia chumba kimoja juu ya duka la vioo, na huko ndiko alikoishi hadi uzeeni, kitanda, meza, jiko la mafuta, ukuta mzima picha za viumbe vinavyotazamana kwa hasira, na kiti kimoja tu, kwa sababu hakutarajia mgeni.

Binti alikua, akasomea dawa, akapata kazi duka la dawa karibu na soko, akachumbiwa, na harusi ikapangwa kuwa tarehe 12 Desemba 2009, akamfuata baba yake na kumwomba kwa upole kwamba siku hiyo kamera ibaki nyumbani, mpiga picha wa kulipwa yupo, yeye kazi zake ni mbili tu, kumshika mkono wakati wa kuingia na kuwapangia wageni pa kukaa. Mjomba alifurahi jinsi ambavyo hatukuwahi kumwona akifurahi, akakubali kazi kwa moyo wote, akazunguka ukumbini mchana kutwa akisogeza viti, akirudi nyuma, akifumba jicho moja, akisogeza tena, na hakuna aliyemshtukia. Ndugu zangu, mtu huyu alipanga harusi kama anavyopanga picha. Tajiri akakaa na mdeni wake, mlevi akakaa na mlokole, mashangazi wawili wasiosemeshana tangu enzi wakapewa kiti kwa kiti, na mama yangu, ambaye ulimi wake mnaufahamu na mwingine hapa ana kovu lake, akawekwa uso kwa uso na shangazi wa bwana harusi, yule aliyekuwa akitangaza mtaani kwamba bibi harusi hakulelewa na baba. Mjomba alidhani amewapendezesha, aliapa hivyo hadi anakufa, nami namwamini, maana alituonyesha kwa mikono jinsi rangi za vitambaa vyao zilivyokuwa zikipingana vizuri.

Keki haikukatwa. Neno moja lilitoka meza ile, likajibiwa kwa mawili, glasi ya soda ikanyanyuliwa, watu wote wakageuka kumtazama baba wa bibi harusi ainuke aamue, naye akainuka kweli, akaingiza mkono mfukoni mwa koti, kumbe kamera ndogo haikubaki nyumbani, akapiga.

Picha hiyo mnaijua, ilishika nafasi ya kwanza kwenye maonyesho ya wapiga picha wa magazeti mwezi Machi 2010, wakaikuza ikawa kubwa kama mlango, soda iko hewani imetanuka kama shuka, mama yangu kinywa wazi, shangazi mkono juu, na katikati yao bibi harusi na nguo yake nyeupe, yeye pekee katika ukumbi mzima ambaye haangalii ugomvi, anamwangalia anayepiga. Binti alisikia habari zake kutoka kwa mteja aliyeiona, akaenda kuitazama, kisha akapanda ngazi za duka la vioo, akasimama kwa kuwa kiti ni kimoja, akasema, "Baba, siku ile watu wote walikasirika. Wewe peke yako ulifurahi." Akashuka. Hakupandisha sauti, na mjomba alimweleza mama yangu baadaye kwamba angalau angepiga kelele, kelele angejua pa kuziweka.

Ikawa kimya miaka na miaka. Mama yangu alijaribu kusuluhisha, ingawa yeye naye alikuwemo pichani, binti akajibu kwamba hana ugomvi na mtu, na hilo ndilo lililommaliza mjomba. Mbuga aliendelea kwenda, tuzo zilikuja, watu walimpa mikono na kuondoka, alikula amesimama mlangoni pa nyumba za ndugu, sahani mkononi, akisema kutoka pale anawaona wote, tukamwacha, tukadhani anapenda. Wajukuu wawili walizaliwa, alisikia majina yao kwa watu.

Alipostaafu, akabuni njia yake. Kila Ijumaa saa kumi jioni alinyoa ndevu, akavaa shati la kola, akaenda kupanga foleni kwenye duka la dawa, zamu yake ikifika anasema kichwa kinamsumbua, na binti, kwa sauti ile ile anayowapa wateja wote, anamwita mzee, anamweleza ameze moja asubuhi na moja jioni, anywe na maji ya kutosha, anayefuata. Mjomba alirudi amenyooka kama katoka kuvishwa nishani, akapita kwetu kutoa taarifa, leo kaniambia nisimeze kabla ya kula, leo kauliza kama nina mzio, na mama yangu akawa anacheka huku anajifuta macho kwa kitenge. Vidonge hakuwahi kufungua hata kimoja. Binti naye, ametueleza juzi mwenyewe, alijua tangu mwanzo, maana hakuna kichwa duniani kinachouma kila Ijumaa saa kumi kwa kalenda, alikuwa anamchagulia vile dhaifu kabisa ili hata akivimeza visimdhuru, na kama Ijumaa mvua ilinyesha akachelewa, yeye ndani ya koti lake jeupe hesabu zilimchanganya. Miaka saba walikuwa hivyo, kioo cha kaunta katikati yao, kila mmoja anasubiri mwenzake aanze, na mkaidi ni nani kati yao mtanisaidia nyinyi, mimi nimeshindwa.

Tarehe 9 Machi 2021 mjomba alitokea dukani siku ya Jumanne. Hakunyoa. Hakusema kichwa, alisema tumbo, alipopewa dawa hakuondoka, aliifungua pale pale, akameza viwili bila maji, mkono wake umeshika kaunta ili asianguke, na foleni nyuma yake ikaanza kuguna. Binti aliweka chini alichoshika, akafungua kile kimlango cha pembeni, akazunguka mbele ya kaunta, akamshika kiwiko, akamuuliza, "Baba, unaumwa wapi?" Mjomba alimjibu, ila wateja waliokuwepo wanasema hawakusikia, sauti ilitoka hewa tupu.

Hospitali ilisema ni saratani ya tumbo na kwamba imefika mbali. Binti alimchukua nyumbani kwake, akampa chumba cha nyuma chenye dirisha la uani, na msinidhanie nitawaambia mambo yakawa asali, hapana, mjomba hakujua kukaa na watu, watoto wakimrukia alishtuka, mezani aliamka na sahani kutafuta mlango, binti akamrudisha kwa bega, akaamka tena, akarudishwa tena, usiku binti analilia miaka iliyokwisha na mjomba anamsikia ukutani, hajui kama akagonge au asigonge. Habari ya harusi waliizungumza mara moja tu, mjomba alisema samahani, binti akasema ameisikia, wakaendelea kuchambua mchele.

Mwishoni mwa Oktoba alikuwa ameketi uani, blanketi magotini, binti akatoa simu akasema anampiga picha. Mjomba akaanza kufundisha, mwanga mbaya, nyuma yangu kuna kamba ya nguo, sogea kushoto, subiri wingu, binti akampiga hivyo hivyo, akampa aone. Aliitazama kwa muda, uso wake, shuka la kijivu kwenye kamba, ukuta wa kijivu, anga ya kijivu, akatoa hukumu yake ya kitaalamu. "Hii haina ugomvi wowote." Kisha akaomba isifutwe. Ndiyo hiyo iliyo juu ya jeneza, kichwa kimekatwa kidogo na ukungu upo, na nyinyi mafundi wa kamera nimewaona mkinong'ona juu yake tangu asubuhi, tafadhali muiache.

Mjomba alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 4 Novemba 2021, saa nne asubuhi, hospitalini, binti akiwa kashuka kununua maji, hivyo alikuwa peke yake, na kwa hilo tunaomba binti asijilaumu, mtu huyu alikuwa na mazoea hayo tangu kuzaliwa. Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, mama wa binti yake, dada yake, na mpwa mmoja mwenye sauti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu bila kumficha ukweli, majirani wa duka la vioo waliomgongea mlango siku alizokawia kushuka, wafanyakazi wenzake wa gazeti waliobeba jeneza, na wateja wa duka la dawa, mliosimama foleni Jumanne ile, mkaguna kwanza, halafu mkapisha njia.

Mjomba, umefika. Watu wote hawa wamekuja kwa ajili yako, na wewe ndiye uliye katikati. Lala kwa amani.