Mlezi Asiyefungika

"Tangu nianzishe klabu ya kupanga maneno ubaoni, hakuna mwanafunzi aliyenifunga!" mwalimu alimtambia fundi cherehani aliyeketi naye basini, mfuko wa herufi mapajani.

"Mbona binti yangu, yule wa miwani, anasema alikufunga Ijumaa?"

Lo, kumbe mama mtu! Mwalimu akajitetea haraka. "Nilimwachia tu, mama."

"Basi kesho namtoa. Sitaki mwanangu adekezwe kwa ushindi wa huruma."

Nyota wa klabu atoke, na mashindano ni Jumamosi? Mwalimu akaona heri aibu kuliko kukosa kombe. "Alinifunga, mama. Kihalali. Lakini mara moja tu!"

Basi likasimama. Karani wa shule, mwandishi wa pointi wa klabu, akaangua kicheko kutoka kiti cha nyuma. "Mara tano, mwalimu! Na bado unaomba marudiano!"